Henry Royce: Fundi aliyeanza na gari kuukuu

MWAKA wa 1903, bwana mmoja mwenye ndevu alipokea gari alilokuwa amelinunua, katika kituo cha reli mjini Manchester, Uingereza. Halikuwa gari jipya. Lilikuwa Decauville kutoka Ufaransa, lenye silinda mbili, na tayari lilikuwa limepitia mikononi mwa mtu mwingine.

Inasimuliwa kwamba gari hilo lilikataa katakata kuwaka, ikabidi lisukumwe hadi karakana ya mwenyewe katika mtaa wa Cooke Street. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka sehemu hiyo ya kusukumwa, na huenda waliotangulia kuisimulia walitaka tu kukoleza hadithi. Lisilo na shaka ni alilolifanya bwana yule baadaye: alilifumua gari lake nati kwa nati, akakitazama kila kipuri kwa jicho la mtu anayemsaili shahidi mahakamani.

Jina lake lilikuwa Frederick Henry Royce. Mwaka mmoja baadaye jina hilo lingeunganishwa na la kijana tajiri, Charles Rolls, na dunia ikapata Rolls-Royce, gari la wafalme, marais na mabwanyenye. Ila Royce mwenyewe hakuwa bwanyenye hata chembe.

Alizaliwa Machi 27, 1863, katika kijiji cha Alwalton karibu na Peterborough, akiwa kitinda mimba wa watoto watano. Babake, James Royce, alikuwa na kinu cha kusaga nafaka alichokikodisha, lakini biashara ikamwendea tenge na familia ikalazimika kuhamia London kutafuta riziki. Haikupatikana. James alifariki mwaka wa 1872 katika makao ya maskini, akamwacha Henry akiwa na umri wa miaka tisa na elimu ya darasani isiyozidi mwaka mmoja.

Mtoto yule aliuza magazeti ya kampuni ya W. H. Smith na baadaye akawa tarishi wa kupeleka simu za maandishi za shirika la posta. (Mwandishi wa makala haya, ambaye naye ugali wake umetoka kwa magazeti miaka yote, hana budi kukiri kwamba ameipenda sehemu hiyo kuliko anavyostahili.) Mara nyingi chakula cha siku nzima kilikuwa mkate tu. Madaktari waliokuja kumtibu ukubwani waliamini kwamba magonjwa yake mengi yalianzia katika njaa ya miaka hiyo.

Aliyemwokoa ni shangazi yake. Henry alipokuwa na umri wa miaka kama 15 hivi, mama huyo alikubali kumlipia pauni 20 kila mwaka awe mwanagenzi katika karakana za shirika la reli la Great Northern mjini Peterborough. Huko ndiko alikojifunza kushika tupa, kukereza chuma na kupima kwa jicho hadi unene wa unywele. Nyumba aliyopanga ilikuwa na kibanda uani chenye mashine ya kukerezea, na jioni wenzake walipokwenda kustarehe, yeye alibaki humo na mzee mwenye nyumba wakichonga vyuma.

Baada ya miaka mitatu pesa za shangazi zilikwisha. Royce akaondoka bila kuhitimu, jambo lililomuuma maisha yake yote. Hata alipokuwa ametunukiwa heshima na dola, alipenda kujiita fundi tu.

Alizunguka kutafuta kazi, akaipata Leeds kwa ujira wa shilingi 11 kwa wiki, kisha akajiunga na kampuni ya umeme iliyomtuma Liverpool kuweka taa za barabarani na za kumbi za maonyesho. Umeme ulikuwa jambo geni nyakati hizo. Mwaka wa 1884, akiwa na akiba ya pauni 20, alishirikiana na rafiki yake Ernest Claremont, aliyekuwa na pauni 50, wakafungua karakana yao Cooke Street, Manchester. Walianza na kengele za umeme za milangoni, wakapanda hadi daynamo na kreni za umeme. Walioa hata ndugu wawili, mtu na dadake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mambo yalibadilika. Bidhaa za bei nafuu kutoka Ujerumani na Marekani zilijaa sokoni na kreni za Royce, imara lakini ghali, zikaanza kukosa wanunuzi. Alishauriwa apunguze ubora ili apunguze bei. Akakataa. Kazi na wasiwasi vikamdhoofisha mwili, na ni katika kipindi hicho alichotakiwa kupumzika ndipo aliponunua ile Decauville.

Yeyote aliyewahi kupeleka gari gereji anajua kwamba mafundi ni wa namna mbili. Kuna yule anayekwambia kipuri kimekufa, nenda Barabara ya Kirinyaga ukanunue kingine, akifunge na akupe ankara. Na kuna yule anayekigeuzageuza kile kilichokufa mkononi, akikitazama mahali kilipolika na mahali kilipopasuka, akitaka kwanza kujua ni kitu gani kilichokiua. Royce alikuwa wa kundi hilo la pili, tena kupindukia.

Decauville haikuwa gari baya. Kwa kweli, ilikuwa miongoni mwa zilizoundwa vizuri enzi hizo, na hilo ndilo lililomfaa. Hakutaka kubuni kitu kipya kutoka hewani. Alitaka kukosoa kitu kilichokuwepo. Injini ilikuwa na kelele, akachunguza kelele inatoka wapi. Mfumo wa kuwasha moto haukutegemeka, na hapo fundi wa umeme akawa nyumbani kwao, akatengeneza wake. Kabureta haikugawa petroli sawasawa, akaunda nyingine. Mpangilio wa jumla aliuacha karibu kama ulivyokuwa.

Kwa hivyo, alipoamua kuunda magari matatu yake mwenyewe, kazi ilikuwa ya kukarabati iliyovuka mpaka. Aprili 1, 1904, gari la kwanza lenye nguvu za farasi 10 lilitoka Cooke Street likiwa na Royce kwenye usukani, huku wafanyakazi wakilishangilia kwa kugonga vyuma kwa nyundo.

Habari zilimfikia Charles Rolls, mwana wa mwinyi na msomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliyekuwa akiuza London magari kutoka ng'ambo, na aliyeona fedheha kwamba Uingereza haikuwa na gari la kujivunia. Mei 4, 1904, alipanda treni hadi Manchester, wakakutana katika hoteli ya Midland. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 26, aliyelelewa kwa fedha na fahari. Mwenzake alikuwa na 41, mikono ikiwa na alama za tupa. Walielewana siku hiyo hiyo. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wametia saini mkataba kwamba Rolls angeuza kila gari ambalo Royce angeunda, na kampuni yenyewe ikaandikishwa mwaka wa 1906.

Mambo hayakwenda mteremko. Gari lao la silinda sita lenye nguvu za farasi 30 lilikuwa na ugonjwa mbaya: krankishafti, yule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ilikuwa ikivunjika. Makampuni mengine yaliyojaribu silinda sita yalikumbwa na balaa hilo hilo, na mengi yalidhani dawa ni kutafuta chuma kigumu zaidi.

Royce aligundua kwamba chuma hakikuwa na hatia. Mhimili ule mrefu na mwembamba ulikuwa ukijisokota na kujisokotoa injini inapofika kasi fulani, mfano wa mtu anayekamua nguo, hadi unakatika. Akaufanya mnene zaidi, akaupanga kama injini mbili za silinda tatu zilizogeuziana migongo, akaongeza kifaa cha kutuliza mtikisiko. Injini iliyofuata, ya nguvu za farasi 40/50, ilikuwa na mhimili uliobebwa na beringi saba na kusukumiwa mafuta kwa shinikizo. Uvunjikaji ukakoma.

Hiyo ndiyo injini ya gari ambalo ulimwengu unalifahamu kwa jina la Silver Ghost. Jina hilo lilitoka kwa Claude Johnson, meneja wa kampuni, aliyelipaka gari moja rangi ya fedha, nambari ya usajili AX 201, na kulipeleka kwenye jaribio lililokuwa kali kweli kweli. Mnamo 1907 gari hilo lilikimbizwa kati ya London na Glasgow, kwenda na kurudi, usiku na mchana, chini ya macho ya waangalizi wa chama cha Royal Automobile Club. Lilikwenda maili 14,371, yaani zaidi ya kilomita 23,000, bila injini kusimama kwa hitilafu isipokuwa mara moja. Hata mara hiyo, kilichotokea ni kwamba bomba la petroli lilijifunga kwa mtikisiko, na dakika moja haikupita kabla halijafunguliwa.

Lakini mbio si kitu ukilinganisha na kilichofuata. Kampuni iliomba gari lifumuliwe lote na kila kipuri kipimwe, kisha chochote kilichoonyesha dalili ya kulika kibadilishwe hadi gari liwe kama jipya. Wapimaji walikuta mitungi ya injini, gia na beringi kuu havina mchubuko wa kupimika. Vilivyohitaji kubadilishwa vilikuwa vitu vidogo kama mkanda wa feni, chujio la petroli na viungio vya usukani. Gharama ya vipuri ilikuwa pauni 2, shilingi 2 na peni 7. Chasisi peke yake ya gari kama hilo, bila bodi, iliuzwa kwa pauni 985.

Siri ilikuwa nini? Sehemu yake ilikuwa vitu ambavyo mnunuzi hangeviona kamwe. Mathalani, watengenezaji wengine waliunga fremu za magari kwa ribiti zilizogongwa zikiwa moto. Royce aliona kwamba ribiti hulegea baada ya muda. Yeye alitoboa matundu yenye umbo la kuchongoka, akayasawazisha kwa mkono na kuyaingizia bolti zilizochongoka vivyo hivyo, kila moja ikikaa katika tundu lake kama kisu ndani ya ala. Ni kazi ya kuchosha na ya gharama. Lakini fundi anayeifungua fremu hiyo leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, huweza kuikuta ingali imekaza.

Jambo hilo linatuleta kwa mafundi wa magari ya kale, ambao kwao Royce ni kama mwalimu asiyekufa. Mtu akikuletea Rolls-Royce ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili, la kwanza la kujifunza ni kutoliamini bodi. Kampuni iliuza chasisi na injini tu. Bodi iliundwa na mafundi wengine, kama vile Barker au Hooper, kwa matakwa ya mnunuzi. Magari mengi yalipozeeka yalivuliwa bodi za kifahari yakafanywa magari ya kubebea maiti au ya kuvuta mengine yaliyokwama. Yalipopanda thamani tena, yakavalishwa bodi nyingine kabisa. Bodi yaweza kuwa ya juzi na injini ya zama za kale, au kinyume chake.

Ushahidi umo katika nambari. Chasisi ina yake na injini ina yake, na zote mbili ziliandikwa kwenye kadi ya gari pamoja na jina la mnunuzi wa kwanza na la aliyeunda bodi. Kadi hizo zimehifadhiwa na chama cha wapenzi wa Rolls-Royce katika kijiji cha Paulerspury, Uingereza. Nambari mbili zikitofautiana na kadi, basi gari lina hadithi ambayo muuzaji hajakusimulia. Si jambo dogo la kitaaluma tu: mwaka wa 2007 gari la nguvu za farasi 10 la mwaka wa 1904 liliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Kuna alama nyingine ambayo huwadanganya wengi. Herufi RR kwenye nembo zilikuwa nyekundu, zikageuka nyeusi katika miaka ya mwanzo ya 1930, na husemwa kwamba huo ulikuwa msiba wa Royce. Ni hadithi tamu, lakini wachunguzi wanasema uamuzi huo ulikuwa umefanywa kabla hajafa, kwa sababu wekundu ule haukupatana na rangi za magari.

Wapo pia waliolazimika kuyatengeneza magari yake pasipo kadi wala karakana. Mnamo 1918 T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, alivunjikiwa na kishikizo cha springi ya Rolls-Royce yake jangwani, adui akiwa karibu. Dereva wake, ambaye kwa sadfa aliitwa pia Rolls, aliliinua gari kwa jeki na kukata shauri la kuegemeza springi juu ya mbao. Msumeno hawakuwa nao. Wakazipiga mbao hizo risasi, tundu baada ya tundu, hadi zikakatika kwa kipimo walichotaka, wakazifunga kwa kamba na waya. Gari hilo likaendelea na kazi hadi Damascus. Jua kali haikuanzia Gikomba.

Royce mwenyewe, wakati huo, alikuwa mgonjwa wa kudumu. Alikuwa mtu wa kusahau chakula. Inasimuliwa kwamba kiwandani palikuwa na kijana mwenye kazi ya kumfuata na bilauri ya maziwa. Rolls aliaga dunia Julai 12, 1910, ndege yake ilipoanguka Bournemouth, akawa Mwingereza wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini. Mwaka uliofuata mwili wa Royce ukasalimu amri. Mnamo 1912 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa utumbo, na madaktari wakampa miezi michache tu ya kuishi.

Aliishi miaka 21 zaidi. Lakini hakurudi tena kufanya kazi katika kiwanda kikubwa kilichofunguliwa Derby mwaka wa 1908. Johnson alimtafutia nyumba Le Canadel, kusini mwa Ufaransa, kwa majira ya baridi, na baadaye akahamia kijiji cha West Wittering kando ya bahari, kusini mwa Uingereza. Alihudumiwa na muuguzi Ethel Aubin, huku ndoa yake na Minnie ikiwa imebaki jina tu. Wachoraji wa mitambo walihamishiwa karibu naye, na kila mchoro ulipita mbele ya macho yake kabla ya kutumwa Derby.

Ni vigumu kusema kama huo ulikuwa ushindi au adhabu. Mtu aliyejua chuma kwa kukigusa alilazimika kuishi na karatasi. Vipuri vilivyovunjika katika majaribio vilipelekwa kwake avione, na kutoka kitandani akaandika barua ndefu akieleza ni kwa nini vimevunjika na unene uongezwe wapi.

Kutoka katika michoro yake ilitoka injini ya ndege ya Eagle mwaka wa 1915, ndiyo iliyowavusha Alcock na Brown juu ya Bahari ya Atlantiki mnamo 1919. Mapema mwaka uliofuata, injini za aina hiyo zilisikika Kisumu, wakati marubani van Ryneveld na Brand walipotua hapo katika safari yao ya kutoka Uingereza kwenda Rasi ya Tumaini Jema. Ndege yao ya kwanza ilikuwa imeharibika njiani, na ile iliyopita Kisumu nayo ilianguka Bulawayo ikijaribu kupaa, wakamaliza safari kwa ndege nyingine ya kuazima.

Injini ya mbio iliyoitwa R iliipa Uingereza Kombe la Schneider mnamo 1929 na 1931. Royce akatunukiwa hadhi ya baroneti mwaka wa 1930. Injini ambayo ingekuja kuitwa Merlin, iliyoendesha ndege za Spitfire na Hurricane katika Vita Vikuu vya Pili, ilianzishwa akiwa hai, lakini ilipowashwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1933 mwenyewe hakuwepo.

Alifariki West Wittering Aprili 22, 1933, akiwa na umri wa miaka 70. Inasimuliwa kwamba siku moja kabla alikaa kitako kitandani, akaomba karatasi na kuchora kifaa cha kupunguza mtikiso wa gari ambacho kingeweza kurekebishwa kulingana na barabara. Akampa muuguzi Aubin atie katika bahasha na kukipeleka posta. Mchoro ulifika Derby baada ya habari za kifo chake.

Majivu yake yaliwekwa kwanza kiwandani Derby. Mwaka wa 1937 yalihamishwa hadi kanisa la Alwalton, kijiji ambacho babake alishindwa kulipia kinu.